Kidole cha Mzee Mboje

Kila asubuhi saa mbili, Apolonia hufungua maktaba ya kijiji chao, karibu na Ngulyati. Maktaba yenyewe ni chumba kimoja. Ina makabati mawili ya mbao, meza, mabenchi manne na vitabu mia tatu na kitu. Lakini usimwambie Apolonia kwamba ni chumba tu. Atakununia wiki nzima.

Anaipenda kazi yake. Anapenda kufagia kabla watu hawajafika. Anapenda kuvalisha vitabu makaratasi ya kaki, na kugonga mhuri taratibu usije ukapinda. Zaidi ya yote anapenda ukimya wa watu wazima wanaosoma, midomo inacheza na sauti haitoki. Nyumbani kwake kuna mbuzi, kuku na majirani wenye maneno mengi. Maktaba imetulia.

Msomaji wake wa kwanza kila Jumatatu ni Mzee Mboje, baba mkwe wake. Mzee alijifunza kusoma akiwa na miaka sitini na miwili, na tangu hapo hashikiki. Ana tabia moja tu mbaya. Kabla ya kufungua ukurasa, hulamba kidole. Kila ukurasa, kidole mdomoni.

"Mwangaluka, baba," Apolonia alimwamkia Jumatatu moja ya mwezi wa tatu.

"Mwangaluka, mkamwana. Kile kitabu cha magonjwa ya ng'ombe kimerudi?"

"Kimerudi."

Apolonia aligonga mhuri, akakiweka kitabu kwenye kona ya meza, kisha akarudi nyuma hatua mbili. Ndipo mzee akasogea, akakichukua. Katika ukoo wao, mkamwana hagusani na baba mkwe wala hampi kitu mkononi. Hata maji ya kunawa huwekwa chini, mzee akayachukua mwenyewe. Apolonia alikuwa ameolewa miaka kumi na minne, na hakuwahi kukosea.

Mzee alikinusa kitabu. "Mbona kinanuka kama shamba?"

"Ni dawa ya mchwa, baba. Harufu itaisha."

Mzee akakifutika kitabu ndani ya koti, akaenda zake.

Saa nne alifika Naila, afisa ugani. Kwao ni Bariadi mjini, na kazi yake ni kuwaelekeza wakulima wa pamba. Nyuma ya pikipiki yake hufunga galoni ya maji safi na kipande cha sabuni. Siku hiyo alikuja kurudisha kitabu. Alifika mlangoni, akasimama hapohapo.

"Dada Apolonia, humu umepuliza nini?"

"Mchwa, Naila. Ijumaa nilikuta njia zao za udongo ukutani. Vitabu sita vimeliwa. Jumamosi nikaja na bomba la mgongoni, nikapiga makabati yote na vitabu vyake. Wamekufa wote." Alisema kwa fahari kidogo.

"Umepiga dawa gani?"

"Ile ya pamba. Ilibaki shambani."

Naila hakuingia. "Toka nje. Chupa iko wapi?"

Chupa ilikuwa nyuma ya mlango. Apolonia akaileta. Naila alimfungulia mfuko wa plastiki, chupa ikawekwa humo, kisha akaelekeza kidole kwenye karatasi iliyobandikwa.

"Soma hapa."

Apolonia akasoma. Sumu. Itumike shambani tu. Isipulizwe ndani ya nyumba. Isifike mdomoni wala machoni. Yeye aliyekuwa akisoma hata gazeti lililofungia maandazi, karatasi hii hakuisoma. Aliona aibu, na nyuma ya aibu ikaja hofu.

"Sumu hii hukaa kwenye karatasi siku nyingi," Naila alisema. "Ukishika kitabu, inabaki mkononi. Ukila au ukijifuta macho, inaingia mwilini. Leo nani ameshachukua kitabu?"

"Mmoja tu. Baba mkwe."

Kisha akakumbuka kile kidole.

"Naila," alisema, "mzee hulamba kidole kila ukurasa."

Naila alimnawisha mikono kwa sabuni harakaharaka. Wakafunga mlango kwa kufuli, wakapanda pikipiki na chupa yao mfukoni. Nyumbani wakamkuta mama mkwe, Milembe, anapepeta mahindi.

"Mzee ameenda kunywesha ng'ombe lamboni," alisema. "Ameondoka na kitabu chake. Kuna nini, mayu, mama yangu?"

Apolonia alikuwa ameshageuka kuelekea pikipiki. Njia ya lambo ilikuwa na matope, na pikipiki iliteleza mara mbili. Njiani alikuwa akihesabu moyoni. Saa mbili mpaka saa nne na nusu. Mzee husoma polepole, lakini hachoki.

Walimkuta ameketi ukingoni mwa lambo, kitabu kiko magotini. Ng'ombe walikuwa wakinywa maji. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na alikuwa akitema mate ovyo.

"Baba, kiweke chini hicho kitabu," Apolonia aliita kutoka mbali.

"Nimebakiza kurasa sita. Hii miwani nayo imeharibika, naona ukungu. Na tumbo linanisokota." Akainua kidole, akakipeleka mdomoni.

Naila alikuwa bado anafungua galoni. Apolonia alikuwa hatua mbili tu kutoka kwa mzee, umbali uleule wa kila siku. Akauvuka. Alimkamata baba mkwe wake kifundo cha mkono, akakitupa kitabu kwenye nyasi.

Mzee Mboje aliduwaa. "Mkamwana, una wazimu?"

"Kina sumu, baba. Mimi ndiye niliyeipuliza. Nisamehe."

Alimvua na koti, kwa sababu kitabu kilikuwa kimefutikwa humo, na shati lililokuwa chini yake. Naila alimwaga maji, Apolonia akamsugua mzee mikono, uso na kifua kwa sabuni. Akamwambia asukutue mdomo na kutema. Mzee alitaka kuingiza kidole kooni ajitapishe.

"Usijitapishe, babu," Naila alisema. "Sumu ikipanda inaweza kuingia kwenye mapafu. Na usimpe maziwa, dada, hayaondoi sumu. Zahanati, sasa hivi, na chupa twende nayo."

Jirani yao Anatoli, aliyekuwa lamboni, alibaki na ng'ombe. Naila alikifunga kitabu na nguo kwenye plastiki. Alijua pikipiki haibebi watu watatu kisheria, na siku nyingine angekataa. Mzee alikaa katikati. Apolonia alikaa nyuma, akamkumbatia asianguke. Alimsikia anavyotetemeka, naye akalia njia nzima.

Mganga wa zahanati alisoma karatasi ya chupa, akajua mara moja sindano ya kumchoma. "Bila chupa ningebahatisha," alisema. "Na mngechelewa saa moja, tungekuwa tunasema mengine." Mzee alilazwa siku mbili, akapona.

Apolonia alisimama kwenye mkutano wa kijiji, akaeleza kosa lake lote. Aliogopa wataifunga maktaba, na wapo waliotaka. Naila aliomba nafasi ya kueleza.

"Msivichome vile vitabu, moshi wake nao una sumu," alisema. "Tutavifunga kwenye plastiki, wataalamu wa wilaya watavichukua pamoja na makabati. Makabati mapya yakae mbali na ukuta. Miguu yake isimame ndani ya makopo yenye oili chafu, mchwa hawatapanda. Kila wiki vitabu vitolewe, vikung'utwe, na njia za udongo zibomolewe. Na dawa ya shambani ibaki shambani."

Mkutano ukakubali. Ilichukua miezi miwili. Watu walivaa glavu, wakasugua sakafu na kuta mara tatu. Fundi Marcelo alitengeneza makabati. Vitabu vipya vilikuja mia moja na ishirini tu, navyo Apolonia akavivalisha kaki kimoja kimoja. Mezani aliweka kisosi chenye sponji iliyolowa maji. Anayetaka kulowesha kidole, aguse pale.

Jumatatu ya kufungua, msomaji wa kwanza alikuwa Mzee Mboje, amevaa koti jipya.

"Kile cha magonjwa ya ng'ombe?"

"Naila ametuletea kingine, baba."

Apolonia aligonga mhuri. Akakipeleka kwenye kona ya meza kama zamani. Mzee hakusogea. Alinyoosha mkono.

"Umenivua koti mbele ya ng'ombe wangu wote," alisema. "Meza ya nini tena? Nipe mkononi."

Apolonia akampa mkononi. Mzee akaketi kwenye benchi, akagusa sponji kwa kidole, akaanza kutafuta zile kurasa sita.