Sisimizi wa Chooni kwa Shabbir

Mguu mmoja wa Sughra ulikuwa tayari ndani ya bajaji, sanduku lake la bati limefungwa kamba nyuma. Mumewe Shabbir, mpika halua pale Multan, alisimama mlangoni na mwiko, samli inamdondokea kwenye kandambili.

"Sughra, shuka. Majirani wanatazama."

"Watazame! Miezi miwili unalala stoo kwenye magunia ya sukari, mimi nalala na ukuta."

"Nilikwambia, joto."

"Joto? Januari hii?" Akatoa tyubu iliyokamuliwa hadi shingoni. "Nimeikuta ndani ya kiatu chako cha Idi. Muuza dawa kanisomea: fangasi za sehemu za siri. Mwanamke gani kakupa?"

Shabbir akashusha mwiko.

"Swali hilo nilitaka kukuuliza wewe."

Hapo ndipo alipoharibu.

"Mimi? Shabbir!" Tangu harusi hakuwahi kumwita jina lake kavu hivyo. "Ijumaa kaka Riaz anakuja na wazee. Andaa talaka yangu. Dereva, Shujabad kwa mama!"

"Shujabad mbali hivyo, kwa bajaji? Dada, si ulisema stendi?"

"Stendi basi! Endesha!"

Mama yake Shabbir, Bi Bashiran, akatoka na ushungi upande.

"Umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Sijui, mama."

"Hujui? Mtu kaondoka na sanduku, si mkoba!"

Na kweli hakujua. Mwanamke mwingine hakuwahi kumgusa. Mwezi wa kumi na moja alianza tu kuwashwa, pakawa pekundu, pakatoka utandu mweupe, kukojoa kukawa moto. Kwa aibu akaenda kwa tabibu wa hema karibu na stesheni, mwenye mijusi kwenye chupa. Tabibu hata hakumwangalia. "Hii umepewa na mwanamke. Kama si wa nje, basi ni wa ndani." Akampa majuni ya asali, dawa nzito ya kulamba, vijiko vitatu kwa siku na maziwa matamu. Alivyozidi kulamba ndivyo alivyozidi kujikuna. Tyubu alijinunulia mwenyewe. Ilituliza siku tatu, kisha ikawa kama kapaka pilipili.

Jumatano ujumbe wa Sughra uliingia kwenye simu ya Shabbir.

"Apa hujagusa mwanamke."

"Wallahi sijagusa. Na wewe?"

"Mjinga wewe."

Saa nzima ikapita.

"Wallahi na mimi."

Shabbir akausoma mara tatu, halua inaungua.

"Sasa kama si mimi na si wewe, imetoka wapi?"

"Si ndiyo nakuuliza!"

Alhamisi asubuhi, Shujabad, mama yake Sughra alikuwa akimmiminia chai.

"Huyo mumeo anakula vizuri?"

"Anakula, lakini suruali zinamwanguka. Maji anakunywa kama ng'ombe. Usiku anaamka mara tano."

Mama akaweka birika chini.

"Marehemu baba yako alianza hivyo hivyo. Kwenu kuna sisimizi?"

"Nyumba ya mpika halua, mama! Wako kila mahali. Kila wiki namwaga mafuta ya taa."

"Chooni je?"

"Chooni ndiko wengi."

"Huko chooni nako mnapika halua?"

Sughra akaweka kikombe chini. Kisha akampigia Shabbir simu.

"Nenda uani, kojoa juu ya tofali."

"Nini?"

"Kojoa, halafu usiondoke hapo. Na usikate simu."

"Umepata wazimu? Mama anapita!"

"Mwambie ageuke!"

Kuku wa uani wakasikika kwenye simu.

"Sughra... wamekuja."

"Wangapi?"

"Msururu. Kama wageni wameona biriani."

"Mbali na tyubu, umekula dawa gani?"

"Majuni ya asali, ya tabibu wa stesheni."

"Ya Allah! Tupa! Nakuja."

Ijumaa, Riaz na wazee wawili, bila habari yoyote, walikuta nyumba tupu, wakaelekezwa na majirani hospitali. Ndani, daktari mwanamama alishamtoboa Shabbir kidole.

"Daktari, nani kaniambukiza?"

"Nani tena? Sukari yako mia tatu themanini, inamwagika hadi kwenye mkojo! Fangasi hawa tunao wengi mwilini, wametulia. Ukiwamwagia sukari hivi wanafanya sherehe. Umewafuga mwenyewe, mzee wa halua."

Shabbir na Sughra walipotoka, Riaz akasimama.

"Talaka iko wapi?"

"Imegeuka kisukari," Sughra akajibu.

Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza kama hiyo nayo inahitaji mashahidi.

"Nisamehe," Shabbir akasema chini chini. "Nilikushuku."

"Na mimi nilikushuku. Beba sanduku."

Fangasi ziliisha wiki ya tatu. Dawa walipaka wote wawili, kwa amri ya daktari. Vidonge vya sukari Shabbir anameza mpaka leo. Riaz alirudi Shujabad na makopo mawili ya halua, hakuizungumzia tena habari ile. Tabibu alihamishia hema lake mji mwingine. Bi Bashiran alifariki Ramadhani iliyofuata. Halua inapikwa bado: Shabbir anakoroga, Sughra anaonja. Chooni hakuna sisimizi.