Kwetu Huketi Msaidizi

Ilianza Jumanne, tarehe kumi na tano Aprili, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni. Ilikuwa siku ya kwanza ya mwaka wa Kibengali. Kocha mkuu alinituma nikavue mashada ya maua kwenye goli la kusini, kisha niyapeleke mtoni, maana maua ya ibada hayatupwi jaani.

Kazi ndogo. Nilibeba ngazi mwenyewe.

Asubuhi ya siku hiyo, kama klabu zote za viwanja vya Maidan hapa Kolkata, tulikuwa tumeliabudu goli letu. Kuhani aliupaka mtambaa panya unga mwekundu wa sinduri, akauvika maua, akafunga uzi mwekundu uliomfikia mtu aliyeketi chini. Klabu nyingine anayeketi ni kapteni. Nilimwuliza kocha mkuu, Bhaskar Samaddar, ambaye wote tunamwita Samaddar-da, kaka mkubwa, kwa nini niketi mimi.

"Kapteni huuzwa, mdogo wangu," alisema. "Kwetu huketi msaidizi."

Wachezaji wakacheka. Mimi nilifurahi. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kuwa kocha msaidizi wa Uttar Pathik, na shahada yangu ya sayansi ya michezo ilikuwa bado inanukia wino. Nikaushika uzi. Nikataja jina langu, Rupsha Nandi, na ukoo wa mababu zangu, Kashyap. Mama alitaka nimtumie picha.

Klabu yetu haina fedha, ila ina bahati moja ambayo mji mzima huitania. Goli lolote tunalolinda, la nyumbani au la ugenini, mipira ya wapinzani hugonga mtambaa panya na kurudi uwanjani. Nilikuwa nimezitazama mechi zote za msimu uliopita kwenye kompyuta, nikirudisha nyuma na kusogeza mbele. Sikupata maelezo.

Basi nikaegemeza ngazi. Nikapanda. Nikashika chuma.

Kilikuwa na joto.

Si joto la jua, maana mawingu yalikuwa yametanda tangu mchana. Nilishuka nikazigusa nguzo za pembeni, zote mbili, kuhakikisha. Baridi. Nikapanda tena. Mtambaa panya peke yake ndio uliokuwa na joto, kama shingo ya mtu mwenye homa. Na chini ya rangi nyeupe vidole vyangu vilipita juu ya vifundo. Nyuzi za zamani... zimepakwa rangi mwaka hadi mwaka, zikawa kama makovu.

Ndipo nikasikia harufu. Dawa ya kuchulia misuli, kali, ya kuchoma pua. Na chini yake, maua yaliyooza.

"Ulitaja na ukoo?"

Sauti ilitoka ndani ya goli. Mtu alikuwa ameketi chini, mgongo umeegemea nyavu. Nilimtambua kwa mabega yake mapana. Debu Kanjilal, kocha msaidizi aliyenitangulia. Msimu ulipoisha aliacha kazi. Tuliambiwa ni mgongo, na kwamba amerudi kwao Krishnanagar.

"Debu-da, umenishtua. Heri ya mwaka mpya."

"Ukoo, Rupsha. Ulitaja?"

"Nilitaja."

Akafumba macho. Akatoa pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi ni kweli," akanong'ona. "Leo asubuhi nimepata usingizi. Usingizi wa kweli. Nimekuja kukushukuru."

"Kwa lipi?"

Akafungua vifungo vya shati. Mfupa wa bega ulikuwa umeunga vibaya, umetokeza kama kona ya meza.

"Huu ni wa ile dabi, dakika ya mwisho. Mlishangilia sana." Akashusha kidole kwenye ubavu, ulioingia ndani kama bakuli. "Huu ni wa nusu fainali. Mpira ukigonga juu hauingii. Lakini pigo lazima liende mahali."

Nilitaka kucheka. Midomo ilikataa.

"Anayeketi ndiye anayebeba," alisema, "mpaka mwingine aushike uzi, ataje jina na ukoo kwa kinywa chake."

"Mbona hukunionya?"

Akaniangalia kwa upole kabisa.

"Ningekuonya, ungeketi?"

"Unaongea na nani huko juu?"

Sauti hiyo ilitoka nyuma yangu. Niligeuka. Samaddar-da alikuwa amesimama nje ya mstari wa kumi na nane, na mfuko wa mipira miguuni. Nilipogeuka tena, nyavu zilikuwa tupu. Harufu tu.

"Usishuke," alisema. "Kuna kitu nataka kuona."

Akaweka mpira chini. Akapiga. Ukapaa juu ya kichwa changu, ukapotea nyuma ya goli. Akaweka mwingine, taratibu, akiupangusa kwa kiganja.

Kang.

Sikuusikia kwa masikio. Niliusikia begani, ndani, kwenye mfupa, kama nyundo iliyofungwa kitambaa. Ngazi ikaniponyoka. Nilianguka nimeushika ule uzi mwekundu, nao ukanifuata hadi chini bila kukatika.

"Imeshika," alisema Samaddar-da, kwa sauti ya mtu anayeonja chai kama sukari imekolea.

"Nitaacha kazi," nikasema, uso kwenye nyasi.

"Acha. Debu aliacha. Mpira ulimfuata mpaka jikoni kwa mama yake." Akasogea, akasimama juu yangu. "Huko chuo kikuu hawakukufundisha? Kocha mkuu hubeba lawama. Msaidizi hubeba yaliyobaki. Usilie. Mimi niliketi misimu miwili, sikulia hata mara moja."

Akanyoosha mkono aniinue. Vidole vyake vilikuwa vimepinda. Siku zote nilidhani ni baridi yabisi.

Nilimjua Samaddar-da. Mpe chai na sikio, atakusimulia enzi zake mpaka kikombe kipoe. Hakuwahi kumnyima mtu hadithi inayomhusu yeye. Nikaupokea ule mkono. Katikati ya viganja vyetu ulikuwepo uzi, nao nikauzungusha kwenye vidole vyake kama anayetafuta mshiko.

"Mimi nilitaja nikitetemeka," nikamwambia. "Wachezaji walinicheka. Wewe ulitajaje, Samaddar-da?"

Akatabasamu. Akatoa kifua mbele, pale pale chini ya goli.

"Hivi," alisema. "Mimi, Bhaskar Samaddar, wa ukoo wa Shandilya."

Kitu kikalegea begani mwangu.

Nyuma ya nyavu, mtu alicheka. Taratibu sana...

Samaddar-da aliuchomoa mkono wake, akautazama. Kiganja kilikuwa chekundu kwa sinduri. Akakifuta kwenye suruali, akakifuta tena.

"Nenda mtoni," alisema. "Giza linaingia."

Nilikwenda. Maua niliyatia majini.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya mazoezi, nilipiga simu Krishnanagar. Mama yake Debu alipokea. Alisema mwanawe amelala tangu jana asubuhi. Hajatoka nje ya chumba. Wamemwita, wamemtikisa, wamemmwagia maji. Haamki.

"Ila anatabasamu," alisema yule mama. "Ndicho kinachonitisha."

Nikafika uwanjani. Samaddar-da alikuwa ameketi kwenye benchi mbele ya hema la klabu, na chai kwenye kikombe chake cha udongo. Wachezaji walikuwa wanafunga viatu bila haraka. Tublu, mshambuliaji wetu, alikohoa kama mgonjwa.

"Dada kocha, leo tena kukimbia? Miguu bado ina sikukuu."

"Leo hatukimbii," nikasema. "Pangeni mipira mstari wa kumi na nane. Tunagonga mtambaa panya. Atakayegonga mara nyingi, mchuzi wa kuku na mkate wa kuchoma juu yangu."

"Jamani, mwaka umeanza vizuri," alisema Tublu. "Nitakufilisi, dada."

Nilipita chini ya goli, nikaruka na kuugusa mtambaa panya. Ulikuwa na joto vilevile. Sijui kwa nini lilinipendeza.

"Rupsha," aliita Samaddar-da kutoka kwenye benchi. Sauti ndogo, isiyo na mzaha. "Rupsha, mdogo wangu. Subiri."

Nilimtazama Tublu. Nikaitikia kwa kichwa.

Kang.

Begani sikuhisi kitu. Nyuma yangu, kikombe cha udongo kilipasuka.

Sikugeuka. Nilimrudishia Tublu mpira wake.

"Tena," nikasema.