King'amuzi cha Mzee Futi

Mtaa mzima ulimwita Mzee Futi, kwa sababu futi ya kupimia nguo haikutoka shingoni mwake hata wakati wa kula. Alikuwa fundi cherehani. Juu ya mlango wa chumba chake cha kazi aliandika kwa rangi nyekundu: PIMA KWANZA. Mteja aliyesema, "Fundi, kata tu, si unanijua," alirudishiwa kitambaa chake.

Mtu mmoja tu hakupimwa. Binti yake alikuwa muuguzi katika mji mwingine. Alipoalikwa kuzungumza kwenye runinga kuhusu chanjo za watoto, baba alimshonea gauni na kumtumia.

"Hukumpima," mkewe alimwambia.

"Mwanangu wa kumzaa nimpime wa nini? Vipimo vyake viko kichwani."

Kisha akaanza kutangaza. Aliwaambia wateja, akamwambia muuza mkaa, akamwambia hata mgeni aliyesimama kuuliza njia: "Ijumaa jioni njoo kwangu. Binti yangu anatokea kwenye runinga!" Mama mkwe wake naye alifunga safari kuja kumwona mjukuu.

Asubuhi ya Ijumaa Mzee Futi aliwasha runinga yake ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo mnene. Chenga tupu, hakuna picha. Akaipiga kofi upande wa kulia, dawa aliyoitumia miaka yote. Chenga. Akaipiga upande wa kushoto, kusiwe na upendeleo. Chenga.

"Walitangaza mpaka wakachoka," mkewe alisema. "Mitambo ya zamani ya analojia inazimwa, kila mwenye runinga kama hii atafute king'amuzi. Ukasema ni njama za wenye maduka."

"Nilisema mimi?"

"Ulisema, na mdomo umejaa chakula."

Kwenye mkeka, mama mkwe alikohoa kidogo. Mzee Futi alivaa viatu haraka. Mke hukosewa akasamehe, lakini mama mkwe ni habari nyingine.

"Usiwe na wasiwasi, mama," alisema. "Naenda dukani sasa hivi."

Dukani hapakuwa na pa kuweka mguu. Mitambo ilikuwa imezimwa usiku uliopita, na sasa kila nyumba ilitaka king'amuzi. Watu walisukumana kwa viwiko. Mzee Futi aliona mtu amechukua boksi la bluu, naye akachukua la bluu. Akalipa, akakimbia nyumbani.

Alipounganisha nyaya, king'amuzi kiliwaka taa nyekundu. Kwenye kioo cha runinga yakatokea maneno: HAKUNA MAWIMBI.

Mama mkwe alivaa miwani. "Mwanangu," aliuliza kwa upole, "mjukuu wangu atatokea wapi? Kwenye hiyo taa?"

Mkewe hakungoja zaidi. Alikwenda kumwita jirani yao, Mama Redio, fundi wa redio na runinga. Mama Redio alikuja na bisibisi yake imechomekwa kwenye kilemba. Aliangalia boksi, akatoka nje, akaangalia paa. Alirudi anacheka.

"Mzee Futi, juu ya paa una nini?"

"Antena."

"Na hiki ni king'amuzi cha dishi, lile la mviringo. Hakiwezi kupokea mawimbi ya antena. Mwenye antena hununua king'amuzi cha antena."

"Basi runinga yangu haijafa? Nilishaanza kufikiria kununua mpya."

"Ni nzima kabisa. Ina matundu ya nyaya hizi tatu: nyekundu, nyeupe na njano. Inatosha. Lakini nikuulize. Mtu akija kwako na suruali ya mtoto, anataka aivae babu yake, utamwambiaje?"

Mzee Futi alishika futi yake. "Nitamwambia apime kwanza," alijibu kwa sauti ndogo.

"Haya. Risiti ipo?"

Mzee Futi alijipapasa. Mfukoni vilitoka chaki, vifungo na uzi. Mkewe ndiye aliyeiona: ilikuwa imebanwa kwa pini kifuani pa shati lake. Ushonaji nao una faida zake.

Mzee Futi alirudi dukani pamoja na Mama Redio. Mama Redio hakusukumana na mtu. Alimuuliza muuzaji polepole: "Hiki ni cha antena? Kina chaneli za bure, zisizo na malipo ya kila mwezi? Dhamana yake ni ya muda gani? Vizuri. Sasa kiwashe tukione kikifanya kazi."

Muuzaji alikiwasha. Picha ikaja, wakabadilishiwa. Nyuma yao, bwana mmoja alilitazama boksi lake la bluu, akalirudisha kimyakimya.

Nyumbani Mama Redio aliunganisha nyaya, akabonyeza rimoti kutafuta chaneli. Kioo kilibaki cheusi kwa muda. Mzee Futi akainua mkono.

"Usipige!" wanawake wote watatu walisema kwa pamoja.

Jioni watu walijaa hadi madirishani. Binti akatokea. Hapakuwa na chenga hata moja. Mzee Futi alijaribu kusema "huyo ni mwanangu," lakini machozi yalimtangulia. Binti aliwasihi wazazi wakamilishe chanjo za watoto wao. Halafu akainua mikono yote miwili kueleza jambo.

Mkono wa kulia wa gauni uliishia kwenye kiwiko. Wa kushoto ulifika kwenye vidole.

Mama mkwe alisogeza miwani. "Picha safi kweli," alisema. "Naona mpaka kazi ya fundi."

Chumba kizima kilicheka, na Mzee Futi alicheka kuliko wote. Wageni walipokuwa wakiondoka, muuza mkaa alimuuliza anunue king'amuzi kipi.

"Kwanza nenda kaangalie paa lako," alijibu Mzee Futi.

Simu ikalia. "Baba, mmeniona?"

"Tumekuona vizuri sana, mama. Tumekuona mikono yote miwili." Alijifuta macho kwa ncha ya futi. "Ukija nyumbani lete hilo gauni. Safari hii utasimama nikupime."