Thabai ya Theta

Thabai, yale majani ya porini yenye miiba midogo, ikishachemka huacha kuwasha. Hata watoto wa hapa Mwiki wanalijua hilo. Hii aliyoileta Sele ilichemka tangu asubuhi hadi adhuhuri, na bado mkewe Tausi alipojikanda nayo magoti yake mabovu, ikamwasha.

"Labda ni changa," Sele alisema bila kumtazama.

Kesho yake mchana nyumba ilinuka maziwa. Haikuwa imenuka hivyo tangu wamzike Safaa, binti yao wa miezi saba, mwaka jana. Kisha Tausi akasikia kitu kikitambaa, kikitoka jikoni kwenye sufuria ya thabai, kikipita chini ya meza, kikija polepole mpaka kwenye kiti chake, na uzito mdogo ukampanda mapajani ukatulia, na alipofunua leso akaona gotini alama tano nyekundu, fupi kama vidole vya mtoto.

Sele akamwita Waruguru, muuza dawa za miti. Mama huyo akanusa sufuria.

"Hii ulitoa wapi?"

"Kinangop, huko mlimani."

"Sele, usinidanganye."

Sele ni mtu mzuri, ila yeye na milima hawapatani. Akainamisha kichwa. "Nilikata hapo Theta. Kwa ile boma ya zamani, watu walihama."

"Ngai, Mungu wangu." Waruguru akashusha sauti. "Thabai inapenda mahali watu walikaa, na mahali walizika. Ya mlimani ni dawa. Hiyo iko na wenyewe. Rudisheni yote leo, jua ikiwa juu. Na ikiwaita, msiitike. Mkiitika, imepata kwao kwenu, haitoki tena."

Wakairudisha bomani hadi jani la mwisho, na zile alama za gotini zikafifia. Sele alikuwa ameshatangulia njia ya kurudi nyumbani Tausi aliposikia sauti nyembamba nyuma yake.

"Mama."

Safaa alikufa kabla hajajua kulitamka neno hilo. Baada ya mazishi hata majirani waliacha kumwita Mama Safaa, wakidhani wanamhurumia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tausi alijua huyu si mwanawe, alijua vizuri kabisa, na machozi yakamtoka. Sele hakugeuka, kwa hiyo hakuona midomo ya mkewe ikiitika.

Asubuhi iliyofuata Tausi alitembea bila kushika ukuta. Sele akafurahi, akachutama kumtazama magoti.

"Na hizi alama tano? Si zilikuwa zimeisha?"

"Ni mbu," Tausi akamjibu kwa kunong'ona, akizifunika kwa leso taratibu, vile mtu humfunika aliyelala.