Mtungi wa Tatu

Wewe, umewahi kuosha kioo kwa maji matupu, ukaacha jua likikaushe bila kukigusa kwa kitambaa? Jaribu kwa maji ya kisima ya Tabora. Kitabaki na madoa meupe kama kimerushiwa chokaa. Tunu alikuwa na maji yasiyoacha doa. Hayo ndiyo aliyojivunia, na hayo ndiyo yaliyomponza.

Alhamisi, saa kumi alasiri.

Chumba cha uani, nyumba kongwe ya Kanyenye. Mlango wa nakshi umetiwa komeo. Watu watatu: Tunu, mumewe Sadiki, na Deus, fundi kufuli kutoka Puge. Katikati yao mtambo wa kusafishia maji: kigari cha magurudumu mawili, pampu, mitungi miwili ya kuchuja matope na harufu, kisha mtungi wa tatu, mrefu, wenye punje za kunyonya chumvi. Huo wa tatu Tunu hakuwahi kuufungua. Punje zikichoka, unapelekwa kwa fundi Mwanza.

"Kesho, wakati wa sala ya Ijumaa," Sadiki alisema. "Tajiri wa dhahabu na karani wake wako msikitini. Naingia ofisini kwake juu na ndoo, nafuta vioo kwa ndani. Ufunguo wa kasiki tunao. Deus yuko nyuma ya ukuta na pikipiki, namshushia ndoo kwa kamba. Tunu, wewe osha mbele. Mlinzi akutazame wewe. Nikimaliza natoka getini, tunasukuma mtambo wetu nyumbani kama watu wema."

"Mpira wenyewe mzito," Tunu alisema.

Deus akacheka. "Shemeji! Babu zako wamebeba pembe hadi pwani, wewe unalilia mpira wa maji?"

Tunu hakucheka. Miezi miwili walikuwa wakiosha vioo vya watu ili wazoeleke mjini. Kwa wanaume ilikuwa danganya toto. Lakini hoteli moja ilishaomba waje kila mwezi, na kila alipopita pale Tunu alisimama kuvitazama vioo vyake.

"Sadiki, mimi nilikuwa nataka..."

"Utasema tukimaliza."

Ijumaa, saa tatu asubuhi.

Uani kuku walidonoa punje za rangi ya asali kando ya mfereji, wakazitema. Tunu alidhani jirani yao Agnetha kamwaga ulezi. Akatafuta kipimo chake, kile kidude cha kuchovya majini kabla ya kazi. Kikisoma sifuri, maji hayana chumvi.

"Kipimo kiko wapi?"

"Nimeshapima," Sadiki akajibu. "Sifuri. Leo pumzika kidogo, mke wangu."

Hakuwahi kumpimia hata siku moja. Moyo wa Tunu ukalainika kama ugali wa moto.

Saa sita na nusu mchana.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu," akaitikia Mabruki, mlinzi. "Umekuja na maji yako ya kizungu?"

"Hayaachi doa, babu. Ukiliona hata moja, nakununulia kahawa na kashata."

Sadiki akapita na ndoo, akapanda ngazi. Tunu akawasha pampu, akainua fimbo ndefu yenye brashi hadi ghorofa ya pili. Maji yakashuka kama pazia. Nyuma ya pazia, kivuli cha Sadiki kikainama.

Jua lilikuwa kali. Kioo cha kwanza kikakauka.

"Mjukuu," Mabruki akaita.

"Abee."

"Kashata zangu."

Tunu akageuka. Kioo kizima madoa meupe. Aibu ikamshika kabla ya woga. Akasahau wizi, akakumbuka kazi. Akazima pampu, akapiga magoti, akaufungua mtungi wa tatu kwa mikono yake mwenyewe, mzee akiwa kasimama juu yake.

Punje hamna. Mlikuwa na furushi la kanga yake ya njano, ile aliyoitafuta wiki nzima. Mabruki akalifungua. Mzani mdogo wa kupimia dhahabu, uliopotea ofisini siku walipokuja kuosha mara ya mwisho. Na kipande cha sabuni chenye alama ya ufunguo.

Tunu akaelewa. Sadiki hakukusudia kutoka getini. Mtu angepiga simu, mtambo ungepekuliwa, na mji ungepata mwizi wake: yeye.

Akatazama juu. Katikati ya madoa, Sadiki alikuwa akimtazama. Uso ukatoweka.

Mabruki akapiga filimbi, akafunga geti kwa mnyororo. Nyuma ya ukuta pikipiki ikanguruma. Ndoo ilikwisha shuka. Deus hakumngoja Sadiki. Mlio ukaishia njia ya Nzega.

Waliotoka msikitini walimkuta Sadiki ananing'inia kwenye kamba ya ndoo, viganja vimechunika, damu hadi kwenye viwiko.

Saa saba na robo.

Walikaa chini getini, kila mmoja na pingu zake alizotiwa na askari wa doria, wakisubiri gari la polisi.

"Mke wangu," Sadiki akanong'ona, "waambie mtambo ni wako. Mimi nilikuwa nafuta vioo tu. Nikitoka nitakutafutia wakili."

Tunu hakumwangalia. Alikuwa akitazama vioo.

"Jana hukuniacha nimalize," alisema. "Nilitaka tuache haya. Nilitaka tuoshe vioo, Sadiki. Mimi na wewe, hadi tuzeeke."