Mshenga wa Nchi Nzima

Mume wangu ni fundi makochi. Mtaa mzima wanamwita Moja kwa Moja, maana hapendi kupitia kwa mtu. Sponji anaifuata kiwandani. Hata mimi alikuja kuniposa mwenyewe, bila mshenga. Mbwa wa baba yangu alimkimbiza, suruali ikabaki kwenye seng'enge. Miaka ishirini na saba imepita, na bado hajajifunza.

Binti yetu ni mkunga. Shirika moja la kimataifa la afya lilitaka mkunga mmoja kutoka kila nchi, akajifunze kuokoa watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati. Wizara ikamchagua yeye. Akapewa barua aipeleke ofisi ya uhusiano, ile inayowakilisha nchi yetu kwenye mashirika ya kimataifa. Mwisho ni Ijumaa.

Binti alikuwa zamu. Baba yake akaidaka barua.

"Ofisi ya uhusiano ya nini? Madalali hao! Shirika lenyewe si liko hapa hapa mjini?"

Jumatatu mlinzi wa shirika akamrudisha. Jumanne akaenda na tai, akarudishwa na tai yake. Jumatano akabeba kigoda, akakaa getini mpaka jioni. Akarudi anatabasamu.

"Leo tumeelewana!"

"Wameipokea barua?" nikauliza.

"Hapana. Lakini mlinzi ameagiza kochi."

Jamani! Nilitaka kumrushia mwiko. Binti yetu hakucheka.

"Baba, mwezi uliopita mtoto wa gramu mia tisa alinifia mikononi. Ipo njia ya kumwokoa. Mimi siijui."

Mume wangu akaiweka barua mezani. Nikaenda kumwita jirani yetu, karani wa ile ofisi ya uhusiano.

"Shemeji," jirani akamwambia, "shirika lile haliongei na baba mmoja mmoja. Linaongea na nchi. Sisi ndio mdomo wa nchi pale, na masikio yake. Mialiko inapitia kwetu, majina yanapitia kwetu. Kwenye vikao tunasema nchi inataka nini, halafu tunaleta majibu nyumbani."

"Na hapo katikati mnakula kiasi gani?"

"Mshahara wetu tu. Sisi si madalali, shemeji. Sisi ni washenga."

Nikaitazama suruali ya mume wangu. Akaelewa haraka sana.

Alhamisi asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwao. Ofisa akaisoma barua, akagundua nakala ya cheti cha ukunga haimo. Akapiga simu wizarani, nakala ikaletwa siku ile ile. Akaandika barua ya nchi, akagonga muhuri. Ijumaa saa nne shirika likajibu: jina limepokelewa.

"Siku tatu nimekaa juani bure!" mume wangu akalalamika.

"Si bure," nikamwambia. "Umepata oda ya kochi."

Binti alisoma miezi mitatu, akarudi kazini. Wiki ya pili akazaliwa mtoto mwingine wa gramu mia tisa. Binti akamfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akamlisha maziwa kidogo kidogo kama alivyofundishwa. Leo mtoto huyo analia mpaka majirani zao wanalalamika. Nilipomsikia, na mimi nililia.

Jana kijana mmoja alibisha hodi, peke yake, eti amekuja kumposa binti yetu. Mume wangu akajaa mlangoni.

"Mshenga wako yuko wapi? Mambo hayaendi hivyo, kijana!"

Bahati yake hatufugi mbwa.