Shavu la Nozanin

Asubuhi Bibi Sanavbar alipika chai, akatandika kitambaa cha chakula sakafuni, akavunja mkate. Kipande chenye ganda gumu alimwekea mjukuu wake, Nozanin. Zamani hakukuwa na kitu mtoto huyo alichokipenda kama ganda la mkate.

Nozanin alikuwa na miaka minane. Alikuwa na usonji, na hakusema hata neno moja. Wazazi wake walikuwa Urusi, baba kwenye ujenzi, mama akisafisha hoteli. Hapo nyumbani, katika mji wa Isfara, walibaki watatu tu: bibi, mjukuu, na Daler, mtoto wa mwisho wa bibi, ambaye alikuwa akijiandaa kuoa.

Mtoto aliutazama mkate, akausukuma. Kisha akaanza tena. Alijipiga makofi shavuni, huku akilia kwa sauti nyembamba iliyofika hadi barabarani.

"Basi, mama, basi," bibi alisema akimshika mikono. "Nani kakutazama vibaya, mwanangu? Nani?"

Akachoma majani ya ispandi kwenye kikaango, akamzungushia moshi kichwani ili kufukuza kijicho. Mtoto alikohoa, akajipiga zaidi. Ndipo bibi akafungua sanduku, akatoa kipande cha nabot.

Nabot ni sukari ngumu ya mabonge, inayong'aa kama kioo. Mtoto mchanga akiumwa tumbo hupewa nabot katika chai. Mwenye mafua hupewa. Mama aliyejifungua hupewa. Bibi Sanavbar alilea watoto wake wote kwa nabot, na asingekubali mtu amwambie kwamba hiyo si dawa.

Nozanin alipewa nabot tangu mdogo. Akilia, nabot. Akigoma kuvaa, nabot. Wageni wakija, alipewa nabot, akafungiwa chumba cha nyuma asionekane. Usiku alilala nayo shavuni. Mswaki alikuwa nao, lakini kila bibi alipojaribu kumpigisha, aliuuma, na fizi zikatoka damu. Bibi aliogopa ile damu. Akauweka mswaki juu ya kabati, na huko ukakaa.

Siku hizi hata nabot haikusaidia. Mtoto aliilamba, akaitema, akaenda uani kuegemeza shavu kwenye bomba la maji. Chuma kilikuwa cha baridi. Alikaa hapo muda mrefu.

"Ugonjwa wake unazidi," bibi alijisemea, moyo ukimuuma. Na wengi wetu tungesema hivyo hivyo. Mtoto mwenye ulemavu akibadilika tabia, tunasema ni ule ulemavu wake, na tunaishia hapo.

Jioni Daler alirudi kazini. Hakukaa hata kunywa chai.

"Mama, nimeongea na wale watu wa makao ya watoto. Wana nafasi. Jumatatu tunampeleka."

"Umeongea nao bila kuniuliza?"

"Nikuulize mara ngapi? Juzi kaniuma mkono. Usiku hatulali. Wakwe zangu wanakuja kuiona nyumba. Wakimkuta anajipiga vile, nani atamleta binti yake humu? Watasema tuna damu mbaya."

"Ni damu ya kaka yako hiyo."

"Najua ni damu ya kaka yangu! Na kaka yangu yuko wapi? Kazi yake kututumia picha za theluji, kama vile hapa hatuna!"

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Mkewe alilia. Yeye akasema, fanyeni mnavyoona."

Magoti ya bibi yalikuwa mabovu, na nguvu za kumshika mtoto zilikuwa zikimwisha. Aliwahi kuyaona makao yale kwa nje tu: ukuta mrefu, na madirisha yasiyo na mapazia. Nani huko angejua kwamba Nozanin halali bila kushikwa kidole?

"Haya," alisema mwishowe.

Akatoa begi na kuanza kukunja nguo za mtoto, zile za joto kwanza. Alikuwa akilia, na hakujificha.

Jumamosi majirani wanawake walikuja kumsaidia kuoka mikate ya wageni. Tanuri liliwaka uani. Kati yao alikuwepo Oyniso, daktari wa meno katika zahanati ya mtaa, ambaye alikuwa ameolewa nyumba ya tatu kutoka hapo. Alikuwa mgeni bado, na hakujua mambo ya nyumba ile.

Kelele zikasikika kutoka chumba cha nyuma.

"Paka wako ana sauti kubwa, Sanavbar," mwanamke mmoja alisema, na wenzake wakainamia unga.

Wote walijua. Mficha maradhi, kilio humfichua. Bibi alisikia uso ukimchoma, na si kwa moto wa tanuri.

Oyniso alifuta mikono. "Huyo si paka, dada. Huyo ni mtoto anaumwa. Bibi, naomba nimwone."

"Ndivyo alivyo, mwanangu. Usijisumbue."

"Alikuwa hivi wakati wa kiangazi?"

Bibi alifikiri. "Hapana," alisema. "Wakati wa kiangazi hakuwa hivi."

Waliingia chumbani. Oyniso hakumkaribia mtoto. Alikaa sakafuni karibu na mlango, akimtazama tu. Nozanin alijipiga, akapumzika, akajipiga tena.

"Anajipiga shavu la kulia peke yake," Oyniso alisema. "Bibi, anatafuna upande gani?"

"Hatafuni tena. Anameza supu tu."

"Na mdomo unanuka?"

"Unanuka, ndiyo. Nilidhani ni tumbo."

Oyniso alisogea kidogo kidogo. Mtoto alipopanua mdomo akilia, alimulika kwa taa ya simu. "Njoo uone, Bibi."

Bibi aliinama. Nyuma kabisa, gego lilikuwa jeusi, limebaki ganda tu. Kando yake ufizi ulikuwa umevimba, una kijipu cha usaha. Bibi akarudi nyuma.

"Si ni jino la utoto hilo? Litang'oka, litaota jingine."

"Hapana, Bibi. Gego hili huota mtoto akifika miaka sita, nyuma ya meno ya utoto. Watu hawajui limeota lini, basi huliacha lioze. Likienda, halirudi."

"Limeozaje? Peremende kwangu haziingii!"

"Akilia unampa nini?"

"Nabot. Na nabot ni dawa."

Oyniso hakumcheka. "Hata mimi bibi yangu alinilea nayo. Lakini jino halijui dawa, Bibi. Jino linajua sukari. Ikikaa mdomoni kutwa na usiku kucha, vijidudu vinaila na kutoa asidi. Hiyo asidi ndiyo inayotoboa jino mpaka kwenye mshipa wa fahamu."

"Kwa hiyo huku kujipiga..."

"Anajipiga panapouma. Mtoto mwingine angesema, bibi, jino. Huyu hana maneno, akasema kwa mkono. Mtoto wa namna hii akibadilika ghafla, akikataa chakula, akikosa usingizi, akianza kuuma watu, tazama kinywa chake kwanza. Sikio pia, na tumbo. Maumivu kwanza, tabia baadaye."

Bibi Sanavbar alikaa chini pale pale. "Alianza wakati wa theluji ya kwanza," alisema. "Ameniambia majira yote ya baridi. Na mimi nikamfukiza moshi."

Oyniso akamshika mkono.

Baadaye bibi aliuliza, "Utamng'oa hapo zahanati?"

"Hapana. Ana maumivu na ana hofu. Akitikisika nitamuumiza. Na tukimkamata kwa nguvu watu wanne, ataogopa daktari maisha yake yote. Mjini Khujand kuna hospitali wanakoweza kumlaza kwa dawa ya usingizi, wakatengeneza meno yote kwa mara moja. Na usaha huu si wa kungoja, unaweza kusambaa. Leo nitampa dawa. Jumatatu mwende, nitawapigia simu madaktari wa huko."

Usiku ule Daler alipoambiwa, alipandwa na hasira. "Jumatatu? Jumatatu gari nililokodi linakuja kumpeleka makao!"

"Na lije," bibi alisema. "Litatupeleka Khujand. Begi liko tayari."

Walikaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi. Nozanin hakuruhusiwa kula wala kunywa, na bibi naye hakugusa kitu. Walipomchukua mtoto, alipiga kelele mpaka dawa ilipomlaza. Bibi aliziba masikio. Daler alisimama dirishani, akiupa ukumbi mgongo.

Daktari alitoka mchana. Alikuwa mzee, na hakujua kuzungusha maneno. "Tumeng'oa manne. Mawili ya utoto, mawili ya ukubwa. Haya ya ukubwa hayataota tena. Mengine matatu tumeziba."

"Ningemleta mapema, daktari?"

"Yote yangezibika, mama."

Bibi alifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa, akalia mbele za watu. Alijua aliyafanya yale kwa mapenzi, na hilo halikumpunguzia kitu.

Siku chache baadaye, nyumbani, Nozanin aliamka asubuhi akiwa amelala usiku mzima. Alipeleka mkono shavuni, akausimamisha hapo, kama anayengoja maumivu yaje. Hayakuja. Akashusha mkono. Kisha akachukua mkate, akauchovya kwenye chai, akala. Alitafuna mbele mbele tu, kama mzee. Alikula kipande chote, akataka kingine.

Daler alikuwa amesimama mlangoni. "Kumbe lilikuwa jino," alisema. "Jino tu! Na mimi..." Akatoka uani na simu yake. Aliporudi alisema, "Nimewapigia wale wa makao. Nimewaambia nafasi wampe mwingine."

"Asante, mwanangu."

Lakini siku nzima bibi alimfikiria huyo mwingine. Je, kuna mtu aliyemtazama kinywa?

Oyniso alikuja jioni na mswaki mdogo wenye nyuzi laini. Bibi alipouona alisita. "Atatoka damu, mwanangu."

"Fizi zinatoka damu kwa sababu ya uchafu. Ukiacha kupiga mswaki kwa kuogopa damu, zinazidi kuvimba. Piga polepole kila siku, damu itakoma yenyewe."

"Na akiuuma?"

"Basi tusianze na meno. Leo mguse midomo tu, umsifu, uishie hapo. Kesho meno ya mbele. Usiwe na haraka, Bibi, huyu si ng'ombe wa kukamuliwa kabla jua halijachwa."

Bibi akacheka, kicheko kidogo.

Oyniso alimketisha bibi kwenye mto wa sakafuni, akamkalisha Nozanin mbele yake, kichwa kikiegemea kifua cha bibi. "Hivi anakusikia unapumua, na wewe unaona ndani. Fanya mahali pale pale, saa ile ile, kwa wimbo ule ule. Akijua kinachofuata, hataogopa. Dawa ya meno iwe yenye floridi, kiasi cha punje ya njegere. Povu kali linamkera, tafuta isiyowasha. Ateme tu, asisukutue sana. Asubuhi, na tena kabla ya kulala. Baada ya hapo ni maji matupu."

"Na nabot?"

"Kidogo, wakati wa chakula, kama lazima. Si ya kunyamazishia. Na umlete zahanati hata akiwa mzima. Aje akae kwenye kiti, ashike kioo, arudi nyumbani. Kisha tutaanza kutazama. Tundu dogo naliziba hapa hapa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Haikuwa rahisi. Zilikuwepo jioni ambazo Nozanin aliutupa mswaki uani, na bibi alikwenda kuuokota huku magoti yakimlilia. Zilikuwepo jioni ambazo bibi alilifungua sanduku, akakishika kipande cha nabot, akakirudisha. Badala ya nabot alimpa kidole akishike. Polepole fizi ziliacha kutoka damu. Kiti cha Oyniso nacho kikazoeleka, na Nozanin akapenda kukipandisha na kukishusha.

Wakwe wa Daler waliahirisha safari yao, wakaja wakati wa masika. Waliketi chumba cha mbele, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na chai ikamiminwa. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Bibi hakuwa na moyo tena wa kuufunga.

Nozanin alitoka. Alipita katikati ya wageni bila kumtazama mtu, mpaka kwa bibi. Daler alikaza macho kwenye bakuli lake la chai. Mtoto hakupiga kelele, wala hakujipiga. Aliushika mkono wa bibi, akachagua kidole kimoja, akakiweka kwenye shavu lake la kushoto, akakikandamiza.

Bibi akaanza kunyanyuka, na magoti yake yalikataa mara ya kwanza.

"Unakwenda wapi, mama?" mama wa bibi harusi aliuliza. "Ndiyo kwanza tumefika."

"Zahanati. Mtaniwia radhi, Daler atawamiminia chai." Alimvalisha mtoto viatu pale pale mbele yao. "Ni jino. Mjukuu wangu ameniambia."